Ya Pili Iko Wapi? Miaka Thelathini na Minne ya Mzee Akiba katika Ofisi ya Njia

Ijumaa hii, tarehe 28, saa kumi kamili jioni, Mzee Akiba atakabidhi ufunguo wa kabati lake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika Ofisi ya Mipango ya Njia. Atakabidhi pia ufunguo wa pili wa kabati hilohilo, ambao muda wote huo ameutunza ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ule wa kwanza haujawahi kupotea hata siku moja.

Mhariri wa jarida ameniomba mimi, dereva wake wa miaka kumi na tisa, niandike wasifu huu. Wahandisi wapo wenye kalamu kali kuliko yangu. Mimi shule niliiachia darasa la nane. Lakini mhariri alisema wahandisi wakiandika watatujazia michoro, na mara ya mwisho jarida lenye michoro lilionekana kantini likifutia meza. Nikaomba kwa Mungu, nikakubali.

Kwa jamaa zake watakaosoma na ambao hawajui mzee wao alikuwa akienda kufanya nini kila asubuhi, nieleze kazi yenyewe. Chini ya barabara zetu kuna kebo, na ndani ya kebo kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Simu zetu, picha zetu na salamu zetu zote hupita humo zikiwa mwanga. Uzi mmoja hubeba rangi nyingi za mwanga kwa wakati mmoja, kila rangi na mzigo wake, wala hazigongani. Mimi jambo hili nimelipokea kwa imani, kama nilivyoyapokea mengine makubwa zaidi. Kazi ya Mzee Akiba ilikuwa kuamua rangi ipi ipite wapi, na kebo ikikatika huko, ipite wapi badala yake.

Hiyo njia ya badala, zamani aliiita mchepuko. Katibu muhtasi alipoangua kicheko kikaoni kwa mara ya tatu, ikaamuliwa jina libadilishwe, ikawa njia ya akiba. Ndipo naye alipopata jina lake. Lilimkaa vizuri, maana ni mtu wa leso mbili, kalamu mbili na miwani miwili, na ana barabara mbili za kurudi nyumbani ambazo huzipita kwa zamu ili zote azijue.

Aliajiriwa enzi ambazo kuhamisha rangi moja kutoka njia hii kwenda ile kulihitaji fomu ya nakala nne, sahihi tatu na mafundi wawili, mmoja katika kila kituo. Mmoja huchomoa, kisha humpigia mwenzake aseme chomeka, na mwenzake huchomeka. Siku moja waliihamisha njia ambayo ndiyo iliyokuwa ikibeba simu yao wenyewe. Wa kwanza akachomoa. Simu ikafa. Wa pili hakusikia neno chomeka, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, hakuchomeka. Wakakaa hivyo saa mbili na nusu, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa uzembe, mpaka Mzee Akiba alipopanda basi kwenda kusema lile neno kwa mdomo wake. Tangu hapo fomu ikaongezwa swali: simu mtakayoongelea inapita wapi? Swali hilo lipo hadi leo, na wafanyakazi wapya hudhani ni mzaha.

Kabla rangi hazijahamishwa, lazima mtu ajue wapi mizigo itaongezeka. Ofisi ilikuwa na taarifa nene ya makadirio kutoka kwa wataalamu. Mzee Akiba alikuwa na mke wake, ambaye ni fundi wa mapazia. Taarifa ilisema mtaa mpya ule wa nyuma ya kiwanda cha matofali utajaa watu baada ya miaka mitatu. Mama akamwambia mumewe, huku akipima kitambaa, kwamba madirisha mia na arobaini ya mtaa huo ameshayashonea, na watu hawavishi madirisha ya nyumba wasiyolala. Rangi nne zikahamishiwa huko wiki ileile. Kwenye fomu, mahali pa kutaja chanzo cha makadirio, Mzee Akiba aliandika: mapazia. Fomu ikapita sahihi zote tatu bila swali.

Sasa nije kwenye siku ambayo hapendi itajwe. Nilimwomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akasema, "Iandike. Ila usiniongezee sukari."

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na mbili. Alikuwa na jozi hamsini na mbili za njia chini ya mkono wake. Kila jozi ni njia kuu na akiba yake. Jozi mojawapo ilikwenda hospitali ya kilimani. Kwenye ramani, mstari mwekundu wa njia kuu na mstari wa buluu wa akiba ilikuwa imeachana mitaa mitatu. Mvua ilikuwa ikinyesha, na Mzee Akiba aliidhinisha akiwa kwenye kiti. Asichokijua ni kwamba fundi wa kuchimba alikutana na mwamba karibu na kalavati, akaona heri kebo nyekundu ailaze kwenye mtaro wa ile ya buluu, mita arobaini tu. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Aliandika kwenye daftari lake ili aje aripoti. Daftari likafuliwa pamoja na ovaroli.

Likaja tingatinga la watu wa maji, likakata zote mbili kwa mkupuo mmoja. Hospitali ikakaa bila simu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Kesho yake Mzee Akiba alikwenda huko peke yake. Hakuna bosi aliyemtuma. Alimkuta mama wa swichibodi, mpokea simu wa hospitali, mwanamke asiyemwaga maneno, naye akamsikiliza mpaka mwisho kuhusu mwamba na kalavati na ovaroli. Kisha akamwambia kwamba jana mhudumu wa wodi alikimbia kwa miguu mara tatu kumfuata daktari wa upasuaji, kwa ajili ya mzazi aliyekuwa na hali mbaya, na mara ya tatu ndipo akamkuta. Mama na mtoto walipona, ashukuriwe Mungu. Halafu akamuuliza, kwa upole kabisa: "Mlituambia njia ziko mbili, baba. Ya pili iko wapi?"

Alirudi ofisini, akaliandika swali lile kwenye kadi, akalibandika juu ya meza yake likiwa limemwelekea yeye, si wageni. Liko hapo mpaka leo. Na juu ya ule uzima wa mama na mtoto, kila nikimtia moyo hunijibu kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Mungu na miguu ya mhudumu, yeye hayumo.

Kuanzia siku hiyo hakuidhinisha jozi yoyote mpaka ameikanyaga. Njia kuu, kisha akiba, kwa miguu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye kila shimo la kebo alifungua mfuniko, akainama, akasoma lebo, akaandika. Mimi nilifuata nyuma na gari kwa gia ya kwanza. Nimeua klachi tatu katika kazi hii, na fundi wa gereji anajua sababu, ingawa kwenye kumbukumbu zake ameandika uendeshaji mbaya. Watu wa mitaani walimzoea. Kuna mama mmoja aliyemwona kwa miaka akifunua mifuniko na kuchungulia, hatimaye akamsogelea na kumpa pole kwa kilichompotea. Mzee Akiba akamshukuru.

Mwaka jana ofisi ikaleta mfumo mpya. Aliyekuja nao ni mhandisi binti, mchangamfu, ndiye atakayeshika kiti baada yake. Mfumo huu hauhitaji fomu, wala mafundi wawili, wala basi. Wenyewe unaangalia mizigo, unahamisha rangi penye msongamano kwenda penye nafasi, na kebo ikikatika unapanga njia upya kabla mtu hajamaliza kusema haloo. Mhandisi alieleza kwa saa nzima. Mzee Akiba aliuliza swali moja tu: mfumo unajuaje kwamba akiba haipiti palepale ilipokatika njia kuu? Binti akajibu kwamba mfumo unajua kama ulivyoandikiwa. "Basi mwanangu," akasema, "unajua ninachojua mimi. Hapo tuna tatizo."

Kwa hiyo ikatakiwa sahihi yake: jozi mia moja themanini na sita, na kwa kila moja athibitishe kwamba njia hazigusani popote. Mia moja themanini na tano alikuwa ameshazikanyaga katika ile miaka ishirini na miwili. Ya mwisho hakuwa ameikanyaga, kwa sababu kebo zake zilikuwa zimelala bila kazi tangu zamani. Sasa zilikuwa zinaamshwa ili kuhudumia jengo jipya la upasuaji. Hospitali ileile.

Tatizo lilikuwa magoti. Daktari alikuwa amempiga marufuku kutembea zaidi ya kutoka ofisini hadi getini. Mkewe akachukua viatu vyake vya kazi na kuvifungia kwenye sanduku la vitambaa. Akachukua na jozi ya pili. Anamjua mumewe.

Na Mkurugenzi alikuwa na haraka. Siku ya uzinduzi ilikuwa imepangwa, turubai limeagizwa, kadi za wageni zimechapwa. Alimwita Mzee Akiba, akamsihi kistaarabu: jozi moja tu kati ya mia moja themanini na sita, na kwenye ramani ziko mbalimbali, mzee wangu, tia sahihi tumalize. Mimi nilikuwa pale mlangoni nikisubiri kusainiwa safari. Mzee Akiba akamjibu, "Mheshimiwa, mara ya kwanza nilikosea moja kati ya hamsini na mbili. Ikawa ndiyo ya hospitali." Akasema sahihi yake hataitoa, hata ikibidi astaafu jina lake likiwa limeandikwa kwamba ndiye aliyechelewesha kazi. Mkurugenzi akampa mpaka Jumatano.

Jumanne saa mbili asubuhi alikuja kwenye gari langu, akaninyooshea mkono kuomba ufunguo. Leseni anayo, ameihuisha miaka yote bila kuitumia, kwa akiba. Akaniambia, "Leo utatembea wewe, mimi nitaendesha."

Zilikuwa kilomita kumi na moja. Sisemi haya ili nisifiwe. Waliotuona wanajua hapakuwa na cha kusifu. Nilitembea na nondo yangu, nafungua mifuniko, nasoma lebo, naye nyuma yangu kwa gia ya kwanza, kichwa nje ya dirisha. Kila shimo aliniuliza kama nimeiona lebo, au nimeona ninachotaka kuona. Tulipitwa na mkokoteni wa magodoro. Tulipitwa na kuku. Kufika kilomita ya saba, soli zikiwaka moto, nilimwomba msamaha kimoyomoyo kwa kila honi niliyompigia katika miaka kumi na tisa.

Njia ya buluu ilipofika kwenye reli, palikuwa na shimo namba thelathini na moja. Nikafunua. Nikaona kebo ya lebo ya buluu ikiingia kwenye bomba linalopita chini ya reli. Kando yake, imeegemea kabisa, ikiingia kwenye bomba hilohilo, kulikuwa na kebo ya lebo nyekundu.

Niliiweka nondo chini. Akajua. Alizima gari katikati ya barabara, akashuka akichechemea, akainama pale kwa muda mrefu kuliko magoti yake yalivyoruhusiwa. Kisha akaomba ramani. Zilikuwa karatasi mbili, maana ofisini njia kuu na akiba zilichorwa kila moja kwenye karatasi yake. Akazilaza juu ya boneti, moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye jua. Kila karatasi peke yake ilisema kweli: buluu inavuka reli hapa, nyekundu inavuka reli hapa. Hakuna aliyewahi kuziweka pamoja. Chini ya karatasi zote mbili kulikuwa na sahihi ya aliyeidhinisha, ya mwaka wake wa saba kazini, yenye mkia mrefu wa kijana anayewahi kitu. Ilikuwa yake.

"Huyu naye alikuwa na haraka," akasema.

Tukarudi mimi nikiendesha. Tulipokaribia geti alisema, kama anayeongea na kioo cha mbele, kwamba yule dada wa swichibodi angemuuliza tena lile swali, na safari hii asingemkuta ofisini.

Taarifa yake kwa Mkurugenzi ilikuwa na mistari miwili. Njia ni moja. Aliyeidhinisha kwamba ni mbili ni mimi. Wako watu ambao wangetafuta maneno ya kuufunika mstari wa pili. Kumbukumbu za mwaka ule hazina anayezifungua. Mkurugenzi, na hili liwekwe kwenye sifa zake, aliisoma, akaahirisha uzinduzi. Kadi zilizochapwa sasa tunaandikia upande wa nyuma. Kebo ya buluu ikahamishwa, ikapitishwa kwenye daraja la magari, mita mia nane kutoka kwenye bomba lile. Mafundi walimaliza tarehe 11. Mhandisi binti aliikanyaga mwenyewe sehemu hiyo mpya, bila kuambiwa, akarudi ameshika viatu mkononi. Mzee Akiba akamtazama miguu, akatia sahihi jozi ya mia moja themanini na sita. Tarehe 14 mfumo ukawashwa, bila turubai.

Jumatano ya tarehe 19, saa nne asubuhi, mafundi wa reli waliokuwa wakibadilisha mataruma yanayobeba reli waliteremsha chuma ardhini na kulipasua bomba lile. Kebo nyekundu ikakatika yote. Pale ofisini, kwenye kioo cha mfumo, mstari mmoja ulizimika na mwingine, ule wa darajani, ukawaka. Mhandisi binti alikuwa ameinua kikombe cha chai; anasema hakuwahi hata kukishusha.

Mzee Akiba alisogea, akatazama kioo. Kisha akarudi mezani kwake, akainua simu, akapiga hospitali. Aliyepokea ni mama yuleyule, sasa ni mkuu wa swichibodi, sauti ileile isiyomwaga maneno. Sote tulimsikia akiuliza kama simu zinafanya kazi. Na kwa kuwa mama yule hupaza sauti, sote tulisikia jibu: "Zinafanya, baba. Chumba cha upasuaji wanaongea na benki ya damu sasa hivi, nina wengine wawili wananisubiri. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada," akasema, akakata simu.

Akakaa. Akatoa leso. Baada ya muda kidogo akatoa na ya pili. Ofisi nzima ikajikuta ina kazi nyingi sana kwenye karatasi.

Katika taarifa ya wiki, tukio hilo limeandikwa hivi: hakuna kilichotokea. Wenzangu, mimi sijasoma sana, lakini nadhani hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya utumishi wake, na hayana picha ya kupiga. Mahali fulani mjini, mtu alikuwa anaongea na simu yake haikukatika, na hatajua kamwe alipaswa kumshukuru nani.

Kadi ya swali amemwachia mhandisi binti. Juzi nilipita mezani kwake nikaona ameinakili, kadi ya pili ameiweka ndani ya mtoto wa meza. Nikajua kiti kimepata mtu.

Kwa mama wa mapazia, shukrani zetu kwa kutuazima mume wako, na kwa makadirio. Sasa unaweza kumrudishia viatu. Kwako wewe mzee wetu, Mungu ayalainishe magoti yako, akujalie siku nyingi na usiwe na haraka na hata moja. Barabara zako mbili za nyumbani ziendelee kupitika, na kila utakayempigia apokee.

Zawadi ya wafanyakazi utakabidhiwa Ijumaa mbele ya watu. Ni fimbo ya kutembelea, ya mti mgumu, na tunajua utakachouliza ukishaishika. Ya pili iko kwa mlinzi, getini.